Bado

Kubanych alikuja akivutwa na trekta,
gari lake la kijeshi likiburuta matako kama mbwa aliyechapwa.
"Ni jino moja tu la pinioni," akasema. "Kraunwili nzima kabisa.
Badilisha ile ndogo, kubwa iache. Nimeuza kondoo kumi, basi."

Nikamwonyesha namba iliyochongwa ubavuni: 317.
Na kwenye pinioni, chini ya masizi: 317.
Hawa walisagwa pamoja kiwandani, jino kwa jino,
hadi kila mmoja akayazoea makosa ya mwenzake.
Ukimletea huyu mwenza mpya, watang'atana.
Akacheka, yeye mwenye ndoa ya tatu,
akaenda kumuuza kondoo wa kumi na moja.

Baridi ya At-Bashy inashika hata moshi.
Spana ikigusa kiganja, inaondoka na ngozi.
Niliimwaga oili ya zamani, nzito, nyeusi,
ndani yake chenga za chuma zikimeta.
Nikaliosha kasha la difu kwa dizeli mara tatu,
nikapitisha kidole kila pembe,
maana punje moja ya mchanga humu
ni mwizi aliyefungiwa dukani.

Kraunwili mpya ikakataa kuvaa.
Mama alikuwa anaoka. Nikaomba nafasi tanurini.
Alinitazama, akaitazama gia,
akasogeza mikate miwili bila neno.
Chuma kikapata joto, kikapanuka unywele mmoja,
kikakaa mahali pake bila nyundo.
Bolti nikazikaza kwa msalaba, moja hapa, nyingine ng'ambo.
Mkate wa siku ile ulinuka oili.
Baba aliula wote.

Kisha rangi ya njano kwenye meno.
Zungusha. Soma.
Alama imepanda kwenye ncha: pinioni iko mbali.
Toa. Ng'oa beringi. Ongeza shimu
nyembamba kama karatasi ya sigara.
Rudisha, paka, zungusha.
Sasa alama imezama shinani.
Toa tena.
Nililitukana jino, nikamtukana Kubanych,
nikamtukana na kondoo wa kumi na moja, ambaye hakuwa na kosa.

Mara ya nne, saa sita usiku, jenereta ikikohoa,
alama ilikaa katikati ya jino
kama dole gumba
la mtu asiyejua kuandika, aliyekubali mkataba.

Ikabaki bushi ya kusagika.
Hiyo haina kurudi. Ukikaza pungufu, pinioni inacheza;
ukizidisha, umeitupa,
na nilikuwa nayo moja tu.
Nyingine ilikuwa Bishkek, nyuma ya theluji ya siku mbili.

Baba haoni tena mistari ya geji.
Aliweka vidole viwili kwenye fleji,
akaizungusha polepole, kichwa kaegemeza upande,
kama anavyosikiliza tumbo la farasi mwenye mimba.
Mimi nikalilalia bomba la mita mbili.

"Bado."

Robo ya robo.

"Bado, Jyrgal."

Jasho, katika baridi ile.
Sikukaza tena. Nilishusha pumzi tu,
na bomba likashuka nayo.

"Basi."

Hakusema vizuri. Hajawahi kusema.
Alifuta vidole kwenye suruali
akauliza kama kuna mkate umebaki.

Kubanych alilipa nusu, akaapa kwa nusu nyingine,
akapanda kuelekea malishoni.
Nilisimama getini nikitega sikio.
Difu iliyofungwa sawasawa haina la kusema;
niliusikiliza ukimya wake ukipanda kona hadi kona,
hadi mbwa wa jirani akauharibu.

Ile 317 kubwa nimeitundika mlangoni mwa gereji.
Wateja huigonga kwa spana wakifika.
Ndogo ameichukua baba.
Iko mfukoni mwa koti lake.
Sijamuuliza.